Hodi Darajani

Baba alipotoka chumbani asubuhi ile akiwa amelowa kuanzia utosini hadi nyayoni, binti yake, fundi miwani, alikuwa akipaka siagi kwenye mkate. Aliweka kisu chini, akachukua taulo kuukuu kwenye kamba ya dirishani, akalitandika juu ya kiti ili kiti kisiharibike, kisha akamwambia mzee aketi kabla chai haijapoa. Mzee aliketi. Maji yalimtoka kwenye nywele, yakapita nyuma ya masikio, yakaingia kwenye ukosi wa shati alilolipiga pasi mwenyewe jana yake, na kutoka hapo yakashuka mpaka sakafuni bila haraka. Hayakuwa maji machafu. Yalinukia mto, na begani kulikuwa na jani dogo la kijani ambalo mzee alilibandua na kuliweka kando ya sahani.

Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu watu wa namna hiyo walikuwa wamekwisha zoeleka mjini. Kulikuwa na karani wa benki aliyehesabu noti kwa mikono iliyolowa, na wateja walizikung'uta wakaondoka. Kulikuwa na mwalimu wa kike aliyesahihisha madaftari kwa penseli, maana wino ulikuwa ukimtorokea. Madaktari waliwaambia wagonjwa wa aina hii wavae nguo nyepesi na viatu vya plastiki, na wasikae kwenye upepo. Mtu akiingia kwenye lifti akiwa amelowa, wenzake walisogea kidogo, wakaendelea na mazungumzo yao.

Fundi miwani alijua maji yale yanatoka wapi. Alikuwa miongoni mwa wanaowatosa watu humo.

Mchezo uliitwa Ng'ambo ya Mto, na ulichezwa na watu wa kila mahali kwa simu na kompyuta. Aliyejiunga alianzia ukingoni, amevaa shati la kijivu, ameshika fimbo, na mbele yake pana daraja la mbao. Upande wa pili ndiko kulikokuwa na kila kitu: mji wenye mnara, masoko, mashamba, vita vya hapa na pale, na watu wa kupiga nao soga. Ukingoni hapakuwa na kitu isipokuwa majani. Kwa hiyo kila mgeni sharti avuke, na daraja lilishikwa na wakongwe, na mkubwa wa wakongwe hao alikuwa mtu mrefu mwenye joho jekundu aliyejiita Chuma. Huyo ndiye fundi miwani. Mchana alikaa nyuma ya duka akikata vioo vya miwani, na jioni, baada ya kuosha vyombo, alifunga mlango wa chumba chake na kuvaa joho.

Wakongwe walikuwa na desturi waliyoiita kuogesha. Mgeni akifika mwanzo wa daraja, mkongwe anamwandikia: Karibu. Mgeni anashukuru na kuingia. Akifika ubao wa kati, anasukumwa. Alichokuwa nacho, yaani fimbo, kinakwenda na maji, na mwenyewe anarudi ukingoni kuanza upya. Asubuhi anaamka amelowa, na hakauki mpaka siku atakayovuka. Wachache walivumilia, wakavuka, wakakauka, na hao ndio waliokuwa na bidii kuliko wote katika kuwaogesha wengine. Waliobaki walikata tamaa, wakafuta mchezo kwenye simu zao, wakaenda kazini wakidondosha maji.

Wakongwe waliyaita hayo mafunzo. Maji usiyoyafika hujui kina chake, walisema, basi sisi tunawafikisha. Walisema pia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hapo darajani ulimwengu ni sisi. Kila jioni kabla ya kuanza walikaa kwenye ngazi za mnara na kukumbushana enzi zao. Mkumbushaji mkubwa alikuwa Shoka, msaidizi wa Chuma, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa mrekebishaji wa lifti katika mji mwingine. Shoka alipenda kuandika kwamba enzi zile hapakuwa na wa kumshika mtu mkono, kwamba watu walivuka kwa meno, na kwamba wageni wa siku hizi ni mayai. Wenzake walikubali, na wengine walitokwa na machozi ya kuukumbuka ugumu ule.

Sasa mzee alikuwa amekaa mezani, anakoroga sukari, na kila akikoroga tone moja kutoka kwenye mkono wa shati linaanguka ndani ya kikombe.

"Umejiunga lini, baba?" fundi miwani aliuliza.

"Jana jioni. Jirani wa chini ndiye aliyeniwekea kwenye simu. Nimejiita Rangi Mbili."

Mzee alikuwa fundi rangi wa nyumba hadi alipostaafu, na maisha yake yote alisema kwamba ukuta ukipakwa rangi mara moja huwa umedanganywa. Jina lile mtu yeyote wa nyumba yao angelijua. Fundi miwani alikuwa ameliona jana yake kwa macho yake mawili, juu ya kichwa cha mgeni mmoja mwenye shati la kijivu, na hakulijua.

Wageni wengine huingia darajani mbio. Huyu alisimama. Alichukua muda mrefu kuandika, mpaka Shoka akauliza kama amelala, kisha maneno yakatokea yote kwa pamoja, yana nukta na mkato: "Hodi. Naomba kupita, kama simsumbui mtu." Shoka aliandika kwamba leo tumepata babu. Chuma akaandika Karibu. Mgeni akashukuru, akaja polepole huku akisimama kila baada ya ubao kutazama maji, na alipofika kati Chuma alimpiga bega. "Hiyo ni rangi ya kwanza," Chuma alimwandikia akiwa majini. "Rudi kesho upakwe ya pili." Wakongwe walicheka sana jioni ile. Chumbani kwake, fundi miwani alicheka kwa sauti mpaka kiti kikalia.

"Nilikuwa nakusikia unacheka kila jioni," mzee alisema. "Tangu mama yako atutoke, sijasikia mtu akicheka hivyo humu ndani. Nikasema, ngoja nami niende huko anakochekea."

Fundi miwani alitazama mkate.

"Wenyeji wa pale wakali kidogo," mzee aliendelea. "Lakini nadhani kosa ni langu. Pengine sikubisha hodi vizuri."

Alikohoa. Kifua chake hakikuwa kizuri, kwa miaka aliyokaa kwenye vumbi la kuta zinazokwanguliwa na harufu ya rangi, na daktari alikuwa amesema jambo moja tu juu yake, kwamba mzee huyu asilowe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Fundi miwani alimwambia anywe chai, akaenda kutafuta taulo la pili.

Kazini siku hiyo alikata vioo vibaya, akavirudia. Alasiri aliingia mteja aliyelowa, mwanamke mwenye mkoba wa ngozi uliovimba, akaomba miwani isiyoshika ukungu. Siku nyingine fundi miwani angemtazama kwa jicho la pembeni na kujiuliza kama huyu ni wa kundi la jana au wa zamani. Safari hii alimpa kiti na kumletea kitambaa. Mwanamke alishangaa kidogo kwa kitambaa, hakushangaa kwa maji.

Alipokuwa akisaga kingo za kioo alimkumbuka baba yake enzi za ngazi. Katika kazi ya rangi, kila kundi lilikuwa na namna yake ya kumpokea mgeni. Wengi walimpandisha mgeni juu siku ya kwanza, kisha mkongwe mmoja anaitikisa ngazi chini, watu wacheke anavyong'ang'ania ukuta. Rangi humwagika, suruali huharibika, na jioni wanamwambia sasa umekuwa mwenzetu. Baba yake hakuwa na mchezo huo. Katika kundi lake mkongwe ndiye aliyeshika ngazi. Wakati wa likizo alikuwa akimchukua binti yake kazini, anampa brashi ndogo na kipande cha ukuta nyuma ya mlango ambako makosa hayaonekani, na binti akipanda, yeye huiweka mikono yake miwili kwenye miguu ya ngazi na kusema neno moja, nipo. Hakusema angalia, wala hakusema utaanguka. Binti akifika kidato cha juu, sauti inatoka chini: nipo. Alipaka kuta nyingi namna hiyo, na zote zilipakwa mara mbili.

Na alimkumbuka Shangazi.

Siku aliyoingia Ng'ambo ya Mto kwa mara ya kwanza, fundi miwani alikuwa mgeni wa mambo mengi. Alikuwa amepanga chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, kazi alikuwa hajaizoea, na vioo vilikuwa vikimpasukia mkononi. Alifika darajani na fimbo yake, akakuta mtu mwenye joho jekundu amekaa ubaoni, miguu inaning'inia. Juu ya kichwa chake paliandikwa Shangazi. "Karibu, mwanangu," Shangazi aliandika. "Pita upande wa kulia, ubao wa kati umelegea." Akanyanyuka, akatangulia, na kila alipofika mbele kidogo aligeuka kungoja. Alimpeleka sokoni akamfundisha kuuliza bei bila kuonekana ana haja. Alimfundisha kuwasha moto kwenye upepo, na kuwakimbia nguruwe mwitu bila kuona aibu, kwa sababu, alisema, nguruwe hamsimulii mtu. Hakuomba malipo, wala hakumuuliza yeye ni nani huko anakoishi. Baadaye, siku moja ya baridi, alivua joho akampa. Fundi miwani alilala akitabasamu usiku ule, kwenye chumba kile kinachotazama ukuta, na hajawahi kulisahau jambo hilo ila kwa namna watu wanavyosahau mlango waliopitia.

Wote walivushwa na Shangazi. Shoka mwenyewe, aliyevuka kwa meno, alivuka amefumba macho, maana aliogopa maji hata ya kwenye skrini, na Shangazi alimshika mkono kuanzia ubao wa kwanza mpaka wa mwisho akimwimbia. Wakongwe waliikumbuka enzi ile kuwa ngumu, na haikuwa ngumu. Ilikuwa enzi ya upole kuliko zote walizopata kuishi. Kisha Shangazi akaacha kuja, bila kuaga, na hakuna aliyejua jina lake la kweli ili amtafute. Ubao wa kati ulibaki umelegea. Mgeni wa kwanza aliyeanguka, alianguka mwenyewe, na wao waliokuwa wamekaa na huzuni kwa siku nyingi wakajikuta wanacheka. Mgeni wa pili walimsaidia kuanguka.

Jioni hiyo mzee alirudi darajani. Ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa mwembamba, na fundi miwani alisikia kidole kimoja kikigonga simu, herufi baada ya herufi. Hodi. Shoka alikuwa zamu. Akaandika Karibu, akamsukuma. Chuma alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, na hakufanya kitu.

Asubuhi mzee alikuja mezani na samaki mdogo kwenye mfuko wa shati. Alimtia kwenye glasi ya maji, akaiweka dirishani. Alikohoa zaidi kuliko jana, na midomo yake ilikuwa na weupe kidogo. Fundi miwani alimwambia aachane na mchezo ule, kwamba ni mambo ya watu wasio na kazi.

"Nikiacha sasa nitabaki na maji tu," mzee alisema. "Watanizoea. Mgeni hazoeleki siku moja."

Njia ya kumkausha ilikuwa moja, naye aliijua. Kabla ya zamu alimchukua Shoka kando ya mnara, akamuuliza kama haingewezekana kumpitisha mgeni mmoja, yule mzee anayebisha hodi, bila kumgusa. Shoka alijibu kwa adabu zote. Alimkumbusha kwamba kulikuwa na mwenzao aliyempitisha binamu yake akiwa mkavu, na kwamba ni Chuma mwenyewe aliyesimama kwenye ngazi hizi akaweka sheria, kuwa atakayempitisha mgeni mkavu atatoswa yeye na kuanza upya majanini, bila joho na bila jina. "Sheria ni yako, mkubwa," Shoka aliandika. "Sisi tunaitunza tu."

Kwa siku kadhaa fundi miwani hakulala vizuri. Miaka yake yote ilikuwa upande ule. Kulikuwa na nyumba aliyoijenga pembeni ya soko, na watu waliomwamkia akipita, jambo ambalo nje ya mchezo lilikuwa halimtokei sana. Kulikuwa na joho la Shangazi. Na kila asubuhi kulikuwa na mzee amelowa mezani, anamsifu samaki kwamba ameanza kunenepa.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mzee alishindwa kumaliza mkate kwa kikohozi, akaomba radhi kwa kikohozi hicho, na jioni yake Chuma akachukua zamu kabla haijafika. Alisimama mwanzo wa daraja peke yake. Wenzake walikuwa nyuma, wanatazama. Mgeni mwenye shati la kijivu alitokea ukingoni, akaja mpaka mahali pake pa kawaida, akasimama.

"Hodi," aliandika.

"Karibu," Chuma aliandika.

Mgeni hakusogea. Fundi miwani alitazama neno lile kwenye kioo, jeupe, lile lile alilomwandikia siku ya kwanza, herufi kwa herufi. Akaandika tena: "Karibu sana, mzee wangu. Pita upande wa kulia, ubao wa kati umelegea."

Upande wa pili wa ukuta alimsikia baba yake akivuta pumzi, na akasikia tone likianguka sakafuni. Alikuwa na haja ya kunyanyuka tu, kufungua milango miwili, na kusema, baba, ni mimi, pita. Angepita. Lakini angejua pia ni nani aliyempiga bega siku ya kwanza, na ni nani aliyeandika yale ya rangi ya pili, na kicheko alichokifuata mpaka kule kilikuwa kikimcheka nani. Fundi miwani aliona aibu, aibu nzito ya kitoto, na hakunyanyuka. Kidole kilianza kugonga.

"Asanteni, wenyeji," mgeni aliandika. "Leo sipiti. Nitakaa hapa nje kidogo." Akageuka, akaenda kuketi majanini.

Shoka alimtosa Chuma mara moja. Hakufanya kwa chuki. Aliandika kwamba mgeni kukataa hakupunguzi kosa, kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguliwa, na wote waliona kwamba ana haki. Joho jekundu lilielea kidogo juu ya maji, Shoka akalivuta kwa fimbo, akalikamua, akalivaa. Lilimfaa.

Asubuhi fundi miwani aliamka na shuka zimeshikamana na mwili. Alizitoa, akazianika, akavaa nguo kavu ambazo hazikukaa kavu. Alipotoka, mzee alikuwa amekwisha keti, na kiti cha binti yake kilikuwa kimetandikwa taulo.

"Kumbe nawe umeanza," mzee alisema. "Mimi nilidhani wewe ni mwenyeji kule."

"Nimeanza upya, baba."

Mzee alitikisa kichwa kwa huruma, akammiminia chai. Kisha akamsimulia ya jana. Alisema kwamba mkubwa wao, yule wa joho jekundu, alimwambia karibu mara mbili na kumwonyesha na njia ya kupita, naye akajua kwamba leo mtego ni mkubwa kuliko wa siku zote. Alicheka alipofika hapo, kicheko kikageuka kikohozi. Alisema baadaye wenzake walimtosa, maskini, sijui aliwakosea nini, na kwamba alimtafuta ukingoni ampe pole lakini hakumwona.

"Labda alikuwa anasema kweli," fundi miwani alisema.

"Labda. Lakini neno lile wamelitumia vibaya mno, mwanangu. Sasa hata akilisema mtu wa kweli, utamjuaje?"

Alimsogezea mkate. Fundi miwani aliona kwamba hapo ndipo pa kusema, na palikuwa wazi kabisa. Alipaka siagi, akala.

Dukani hawakumsumbua. Kazi ya kukata vioo inataka maji, mashine yenyewe hurusha, kwa hiyo mwenye duka alimnunulia kiti cha plastiki na mambo yakaisha hapo. Karani wa benki alipokuja kuchukua miwani yake, walisalimiana kama watu wa mtaa mmoja.

Jioni alijiunga upya, kwa jina jipya alilomwambia baba yake, na shati la kijivu na fimbo. Ukingoni hakukuwa tena na majani matupu. Rangi Mbili alikuwa ameyafyeka kidogo, akapanga mawe ya kukalia, na wageni kama kumi hivi walikuwa wamekaa wanamsikiliza. Alimwona binti yake anatokea, akanyanyuka. "Karibu, mwanangu," aliandika, polepole, na nukta mwishoni. "Kaa hapa. Usikimbilie daraja." Akamfundisha alichokuwa amejifunza. Alimwonyesha namna ya kushika fimbo, na alikosea, maana aliishika kama brashi. Alimfundisha kwamba nguruwe mwitu husimama ukiwasalimu, jambo ambalo si kweli. Alimwambia kwamba ng'ambo, kwa jinsi anavyoona mnara ule, lazima kuna kuta nyingi ambazo hazijapakwa vizuri. Fundi miwani, ambaye alikuwa na nyumba pembeni ya soko na alizijua kuta zote za mji ule, alishika fimbo kama brashi na kuuliza maswali ya mgeni. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kitu kwa miaka mingi. Alijiona mdogo, alijiona yuko juu ya ngazi na mtu yuko chini, ameishika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema watu, lakini wenyeji wa daraja lile hawakuwa na habari kwamba wanaumwa. Waliendelea kukaa kwenye ngazi za mnara. Walimwingiza Chuma kwenye hadithi zao za enzi zile, na katika hadithi hizo alikuwa mkali, hakumpitisha mtu. Wageni wengi sasa walibisha hodi kabla ya kuingia darajani, kwa kuwa Rangi Mbili aliwafundisha kwamba ndio ustaarabu. Shoka aliwajibu Karibu, wote, mmoja mmoja, na akawasukuma. Mjini maduka ya viatu yaliongeza rafu ya plastiki.

Siku moja mzee alisema wamekaa vya kutosha, leo wajaribu. Alitaka binti atangulie. Fundi miwani alikanyaga ubao wa kwanza, na neno likatokea nyuma yake.

"Nipo."

Alikwenda upande wa kulia, taratibu, kama alivyovushwa zamani. Nyuma yake fimbo ya mzee iligonga mbao. Walibisha hodi pamoja. Shoka, aliyekuwa amejifunza kitu jioni ile Chuma alipotoswa, alikuwa amesimama upande wa kulia. Aliandika Karibu, joho likapepea, akawaelekeza kati kwa bega moja tu. "Nipo," mzee aliandika tena wakiwa hewani, bila nukta safari hii, kwa haraka. Maji yakawafunika. Kupitia ukutani fundi miwani alimsikia baba yake akicheka, kicheko cha zamani cha enzi za mama, naye akacheka, na kwa muda wakawa wanasikilizana.

Asubuhi mzee alikohoa muda mrefu kuliko siku zote. Alipopumzika alifuta midomo kwa ncha ya taulo, akamtazama samaki dirishani, kisha akasema jambo lililokuwa likimsumbua tangu jana.

"Ule ubao wa kati umelegea kweli. Nimeuona tulipokuwa tunaanguka. Yule mtu wa joho jekundu hakudanganya."

Fundi miwani alikuwa ameshika birika.

"Maskini," mzee alisema. "Na mimi sikumwamini. Popote alipo, ningependa ajue kwamba nimeuona."

Fundi miwani alimmiminia chai, akamtilia sukari, akaikoroga yeye ili mzee asichoke. Maji ya mkono wake na maji ya mkono wa baba yake yakakutana katikati ya meza, naye akayafuta kwa taulo kabla hayajafika kwenye mkate.